"Kazi ya Mungu haina makosa", na mengine tunayomsingizia Mungu

Ingia msiba wowote wa Kikristo, uwe Mwanza au Machakos, na kabla jua halijazama utakuwa umeshaisikia mara kadhaa: kazi ya Mungu haina makosa. Inasemwa kwa nia njema. Mfiwa analia, aliyekuja kumpa pole hana la kusema, basi anashika maneno yaliyo karibu. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni pale maneno hayo yanapotoka msibani na kwenda kufunga hoja kwingine: kwenye ajali, kwenye ugonjwa, kwenye deni, kwenye ndoa yenye ngumi. Mafundisho ya Kikristo kuhusu uwezo wa Mungu, uponyaji na msamaha yamebebeshwa mengi ambayo hayamo katika Biblia wala katika katekisimu za makanisa, na ukiyachunguza utaona karibu yote yana tabia moja: yanamkabidhi Mungu kazi iliyokuwa yetu.

Dhana: Kila linalotokea, Mungu ndiye aliyelipanga liwe hivyo

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Hapo huhitaji ufunuo kujua kilichotokea, hesabu ya darasa la tatu inatosha. Lakini sikiliza tunavyozisimulia ajali za namna hiyo, za majini na za barabarani: "siku zao zilikuwa zimefika." Kama zilikuwa zimefika, basi aliyeruhusu chombo kijazwe kupita kiasi hana kosa, na kesho atajaza kingine.

Je, Ukristo unafundisha hivyo? Chukua walio wakali kuliko wote katika fundisho la Mungu kutawala mambo, yaani Wapresbiteri. Ungamo lao la Westminster, lililoandikwa Uingereza katika miaka ya 1640, linasema wazi katika sura ya tatu kwamba Mungu ameamuru yote yatakayokuwa. Wengi hunukuu mpaka hapo. Maneno yanayofuata yanasema kwamba Mungu si mwanzilishi wa dhambi, kwamba hiari ya viumbe haikuvunjwa, na kwamba sababu za kawaida za mambo hazikuondolewa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inafundisha kwamba Mungu si chanzo cha uovu wa kimaadili, kwa njia ya moja kwa moja wala ya kuzunguka. Anauruhusu, na anaweza kutoa jema ndani yake. Wamethodisti, na Wapentekoste wengi, wanatia mkazo zaidi kwenye hiari ya mwanadamu. Wamebishana kwa karne kadhaa na hawajamaliza. Ila katika ubishi wote huo hakuna upande uliowahi kufundisha kwamba nahodha asiulizwe.

Yesu mwenyewe aliletewa maswali ya aina hii. Katika Luka 13 anataja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, na anakataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Katika Yohana 9 wanafunzi wanamwonyesha mtu aliyezaliwa kipofu, wanataka kujua nani alikosa, yeye au wazazi wake. Jibu: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Bado leo mama akizaa mtoto mwenye ulemavu, wapo wa kanisani kwake watakaoanza kuchimba historia ya ukoo.

Halafu kuna Ayubu, mtu anayenukuliwa makaburini kuliko nabii yeyote: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Hiyo ni sura ya kwanza. Kitabu kina sura 42. Kuanzia ya tatu Ayubu analaani siku aliyozaliwa, anadai kesi, anamtaka Mungu ajieleze. Rafiki zake ndio wenye majibu yaliyonyooka: umekosa, tubu, Mungu hamwonei mtu. Ukifika 42:7 Mungu anamgeukia Elifazi na kumwambia hasira yake inawaka juu yake na wenzake wawili, "kwa kuwa ninyi hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu." Aliyelalamika ndiye aliyesema sawa. Wafariji wale walifanya vizuri siku saba za kwanza, walipokaa naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipofungua midomo.

Dhana: "Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba"

Mstari wenyewe ni 1 Wakorintho 10:13, nao unazungumzia kujaribiwa, yaani vishawishi vya dhambi. Hauhusu kufiwa, saratani wala kufukuzwa kazi. Paulo huyohuyo, katika barua yake ya pili kwa Wakorintho, anaandika kwamba kule Asia "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi." Ukimwambia mjane mwenye watoto wanne kwamba Mungu ameupima mzigo wake akaona anauweza, maana yake umejiondolea jukumu la kuubeba pamoja naye.

Tukiwa hapo hapo: "Jisaidie nami nitakusaidia" haimo katika Biblia, itafute mpaka uchoke. Na Yeremia 29:11, ule wa "mawazo ya amani wala si ya mabaya" unaobandikwa kwenye kadi za mahafali, uliandikwa kwa watu waliokuwa uhamishoni Babeli, na mstari unaoutangulia unawaambia watakaa huko miaka 70. Wengi wao walijua watazikwa ugenini.

Dhana: Mwenye imani ya kweli hupona, na dawa ni dalili ya shaka

Hapa ndipo watu wanapokufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka 2011 Afrika Mashariki nzima ilitazama Samunge, kijiji cha Loliondo mkoani Arusha. Mchungaji mstaafu wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), Ambilikile Masapila, aliyejulikana kama Babu, alisema Mungu alimwonyesha kwa ndoto mti ambao mizizi yake ikichemshwa inaponya maradhi sugu, Ukimwi na kisukari yakiwamo. Kikombe kimoja, shilingi 500. Foleni ya magari ilinyoosha kilomita nyingi porini, wakaja matajiri kwa helikopta na maskini wakiwa wamelala nyuma ya maroli. Wapo waliofia kwenye foleni. Wapo waliorudi wakaacha dawa za kufubaza virusi kwa kuwa "wameshapona." Babu alifariki mwaka 2021. Sidhani alikuwa tapeli. Kwa shilingi 500 angekuwa tapeli wa ajabu. Lakini unyofu wa mtoa kikombe haupunguzi virusi kwenye damu.

Miaka tisa baada ya foleni za Loliondo, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa mjini Moshi kwa kukanyagana katika mkutano wa maombi, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako.

Sasa fungua Agano Jipya uhesabu wagonjwa ambao hawakuponywa papo hapo. Paulo alikuwa na "mwiba katika mwili", aliomba mara tatu uondoke, akajibiwa "Neema yangu yakutosha." Trofimo aliachwa Mileto akiwa mgonjwa. Epafrodito aliugua karibu na kufa. Timotheo alikuwa na tumbo la kumsumbua na magonjwa ya mara kwa mara, na Paulo, ambaye Matendo inasema leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, hakumtumia leso. Alimwambia aache kunywa maji peke yake, atumie mvinyo kidogo. Huo ni ushauri wa tiba, wa enzi zile. Na katika safari zake alikuwa na Luka, "tabibu mpendwa." Wala hakuna anayelaumiwa kwa imani haba katika orodha hiyo yote.

Agano la Kale nalo lina mfalme Hezekia, aliyeugua karibu na kufa. Anaomba, Isaya anamletea ahadi ya kuongezewa miaka 15, na kisha nabii huyohuyo anaagiza mkate wa tini ubandikwe kwenye jipu. Ahadi na dawa zimeingia chumba kimoja na hakuna iliyomkasirikia mwenzake. Wakatoliki wana zaidi ya hapo, kwa sababu Biblia yao inacho kitabu cha Yoshua bin Sira, na sura ya 38 inaagiza daktari aheshimiwe kwa kuwa Bwana ndiye aliyemuumba.

Wanaosema "kwa kupigwa kwake sisi tumepona" wananukuu Isaya 53 kwa usahihi. Makanisa yote makubwa yanaamini Mungu anaweza kuponya, na mimi pia naamini. Kinachobishaniwa ni neno "lazima." Hata huko Lourdes, Ufaransa, ambako mahujaji wamemiminika tangu mwaka 1858, na ambako kuna ofisi ya madaktari inayochunguza kila dai, Kanisa Katoliki limekubali rasmi miujiza isiyofika hata 80. Ukilinganisha na ushuhuda wa Jumapili moja katika ukumbi mmoja wa jijini, utashangaa.

Tazama pia makanisa yamefanya nini kwa mikono yao. Hospitali ya Bugando ya Mwanza ni ya maaskofu Wakatoliki. Ndanda ni ya Wabenediktini. KCMC ya Moshi ina mizizi ya Kilutheri, na huko Kenya, Kijabe ni ya kanisa la AIC, Tumutumu ya Wapresbiteri wa PCEA. Kama dawa ingekuwa usaliti wa imani, makanisa haya yangekuwa yamejenga usaliti kwa matofali na mabati kwa zaidi ya miaka mia.

Neno moja kuhusu Yakobo 5, mstari unaotumika kwenye mabango ya mikutano. Unasema: "Mtu wa kwenu amekuwa hawezi? Na awaite wazee wa kanisa." Angalia nani anatembea. Wazee ndio wanaokwenda nyumbani kwa mgonjwa, na mafuta yao. Hakuna kiwanja, hakuna foleni, hakuna chupa ya kununua mlangoni.

Dhana: Mungu akishasamehe, shauri limekwisha

"Ya kale yamepita, tazama! yamekuwa mapya." Ni 2 Wakorintho 5:17, na kuna watu wanaomdai pesa mtu aliyeokoka ambao wameusikia mstari huu kwa uchungu mkubwa.

Zakayo hakuusikia hivyo. Siku aliyompokea Yesu nyumbani alitangaza kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Wahenga wetu wa Uamsho walimwelewa Zakayo vizuri. Uamsho ule uliolipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaingia Uganda, Burundi, Bukoba na Kenya, ulitanguliwa na urafiki wa Joe Church na Muganda Simeoni Nsibambi, waliokutana Kampala mwaka 1929. (Church alikuwa daktari wa hospitali ya misheni, uamsho mkubwa kuliko wote wa eneo hili ulitokea hospitalini.) Alama iliyowatambulisha Balokole, yaani "waliookoka", kama watu wa Uamsho walivyoitwa, ilikuwa kuungama hadharani na kurudisha: mali ya wizi ilirudi kwa wenyewe, madeni yakalipwa. Mtu aliyedai ameokoka na ng'ombe wa jirani bado yuko zizini kwake hakusadikiwa.

Wakatoliki husingiziwa kwamba kwao ni rahisi, unaingia kitubioni, unatoka mweupe, unarudia kesho. Mafundisho yao yanadai majuto, nia ya kuacha, na malipizi, na yanasema bayana kwamba kilichoibwa kirudishwe. Mei 1981 Papa Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi na Mehmet Ali Ağca. Papa alimsamehe karibu mara moja, na Desemba 1983 akaenda kumtembelea gerezani. Ağca alibaki kifungoni Italia mpaka mwaka 2000. Msamaha ulikuwa wa kweli na mlango wa gereza nao ulikuwa wa kweli.

Matumizi mabaya kuliko yote ni ya "saba mara sabini", jibu la Yesu alipoulizwa ndugu asamehewe mara ngapi. Mke anapigwa, anakimbilia kwa wazee wa kanisa, wanamsomea Mathayo 18:22 na kumrudisha. Sijui wanaisomaje sura hiyo bila kupita mistari ya 15 hadi 17, ambako Yesu anaeleza cha kufanya na ndugu aliyekukosea: mwambie, akikataa nenda na mashahidi, akikataa liambie kanisa, na akilikataa hata kanisa awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru. Sura ni ileile. Kusamehe kumekaa pamoja na kumshitaki mkosaji mbele ya watu na kumtenga. Mzee wa kanisa anayeanzia 22 ameruka kazi aliyopewa yeye.

Dhana: Sadaka fulani hufungua msamaha au uponyaji

Hili ni fupi. Simoni wa Samaria alitaka kununua karama kwa fedha, na Petro akamjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe." Mwaka 1517 Martin Luther, mtawa wa Ujerumani, alitoa hoja zake 95 kwa sababu ya biashara ya vyeti vya rehema, karatasi zilizouzwa kwa ahadi ya kuondolewa adhabu ya dhambi. Namba ya simu ya "kupanda mbegu" inayopita chini ya runinga wakati wa maombi ni biashara ileile, ila sasa muamala unakamilika kwa sekunde.

Dhana: Nimetenda dhambi isiyosameheka

Wachungaji husikia hili mara nyingi, zaidi kutoka kwa vijana, na kutoka kwa wanawake waliowahi kutoa mimba. Maneno ya Yesu kuhusu kumkufuru Roho Mtakatifu yako Marko 3, na Marko mwenyewe anaeleza yalisemwa kwa nini: waandishi walimwona akitoa pepo wakasema anafanya hivyo kwa nguvu za mkuu wa pepo. Walikuwa watu wanaotazama wema na kuuita ushetani, bila wasiwasi wowote. Ndiyo maana jibu la kichungaji, kwa Wakatoliki na Waprotestanti, limekuwa lilelile kwa muda mrefu: anayetetemeka kwamba ameitenda, kule kutetemeka kwenyewe kunaonyesha hajaitenda. Aende akazungumze na mchungaji au padri wake, na ikiwa hofu hiyo imemnyima usingizi na chakula kwa wiki kadhaa, basi akitoka hapo apitie na hospitali.