Fujo ya mieleka haiwi kali kwa kurundika watu tu

Kuna hii imani kwamba ukitaka mechi ya vurugu iwe kali we jaza tu watu, viti, meza, wavamizi kibao, basi. Hapana bana. Mechi za hivyo zipo kibao na nyingi zinachosha vibaya.

Cheki ile mechi ya meza, ngazi na viti ya WrestleMania X-Seven, onyesho kubwa la mieleka la Marekani, Aprili 2001 pale Houston, timu tatu za watu wawili wawili: Edge na Christian, Hardy Boyz, Dudley Boyz. Wanaume sita ulingoni, alafu wakavamia wengine watatu, Spike, Rhyno na Lita. Kwa karatasi ni balaa tupu, ila kila mvamizi ana timu yake, Spike wa kina Dudley, Lita wa kina Hardy, Rhyno wa kina Edge, kwahiyo hata mtu mgeni anaelewa fasta nani anampiga nani na kwanini. Na mechi yenyewe haina kufukuzwa mtu kwa kosa, so refa haonekani bwege wavamizi wakiingia.

Alafu lengo ni moja tu, mikanda ya ubingwa inaning'inia juu, anayepanda ngazi na kuishusha ndo kashinda, macho yanajua pa kurudi. Jeff Hardy kabaki anabembea kwenye mikanda hewani, Edge akaruka kutoka kwenye ngazi akamkata katikati wakashuka wote, na hapo ulingo ulishatulizwa, hakuna kingine cha kuangalia. Hiyo ndo kazi ngumu, kujua nani alale chini saa ngapi. Rhyno naye kasukuma ngazi, Matt wa kina Hardy na Bubba wa kina Dudley wakaangukia rundo la meza nje, ndo njia ikafunguka kwa Edge na Christian kuchukua mikanda. Mvamizi kabadilisha matokeo, hakuja kuuza sura.