Je, wajua kwa nini Meya wa Mwanza humpigii kura?

Siku ya uchaguzi mkuu, mkazi wa Mabatini, kata ya Jiji la Mwanza, hupewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Ya meya haipo. Anayekuchagulia meya ni diwani wako. Uchaguzi ukiisha, madiwani wa kata, wa viti maalumu na wabunge wa eneo hilo huketi barazani na kumchagua diwani mmoja awe meya. Baraza hilohilo laweza kumwondoa kwa theluthi mbili ya kura.

Sababu ni kwamba Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 haikumkabidhi meya jiji. Imelikabidhi baraza zima. Meya huongoza vikao vya baraza na Kamati ya Fedha na Uongozi, lakini hamsimamii mhandisi wala hasaini malipo ya mkandarasi. Kazi hizo ziko kwa mkurugenzi, mtendaji mkuu wa jiji, ambaye pia ni katibu wa baraza. Naye huteuliwa na Rais.

Chukua mtaro ulioziba Mabatini, mvua zikinyesha maji yanaingia hadi vyumbani. Mwenyekiti wa mtaa analipeleka jambo kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake. Likitoka hapo linakwenda halmashauri, linapita kwenye kamati za kudumu, kisha baraza linaamua kama litaingia kwenye bajeti. Bajeti ikishapita, utekelezaji ni wa mkurugenzi. Hapa ndipo naona udhaifu mkubwa: diwani anakuja kuomba kura yako tena baada ya miaka 5, mkurugenzi haji. Kwa hiyo ukiona fedha zimepitishwa na mtaro bado umeziba, mbane diwani amhoji mkurugenzi barazani. Ni haki yake, na ni kazi yake.

(Ukiwa Kirumba, kule mwaloni, meya wako ni mwingine kabisa. Kirumba iko Ilemela, na Ilemela ina manispaa yake tangu 2012.)

Baraza la kawaida hukaa kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza, ingawa hana nafasi ya kuchangia. Tarehe muulize mtendaji wa kata yako. Nenda umsikie diwani wako akitaja mtaro wenu, au akikaa kimya.