Kundi la setilaiti ndogo ni nini?

Kundi la setilaiti ni setilaiti nyingi zinazofanya kazi moja kwa kupokezana zamu. Taifa-1 ya Kenya, iliyorushwa Aprili 2023, ni ndogo na hupiga picha za Dunia, lakini iko peke yake, kwa hiyo si kundi.

Wingi unahitajika kwa sababu ya kusubiri. Landsat 8 ya Marekani, yenye uzito wa zaidi ya tani 2, hurudi juu ya shamba lilelile kila baada ya siku 16. Ikipita Rufiji wakati wa masika ikakuta wingu limetanda, picha inatoka nyeupe tupu, na kusubiri kunaanza upya. Siku 16 zinatosha mto kufurika, kufunika mpunga na kurudi kwenye mkondo wake kabla haijapatikana hata picha moja ya maji yenyewe.

Kampuni ya Planet, iliyoanzishwa 2010 na watu waliotoka NASA, shirika la anga la Marekani, iliamua kupunguza umbo na kuongeza idadi. Setilaiti yake iitwayo Dove, yaani njiwa, ina sentimita 10 kwa 10 kwa 30: karibu sawa na mkate wa slesi, kabla haijakunjua mabawa yake ya sola. Tarehe 15 Februari 2017 roketi moja ya India ilibeba 88 kwa mkupuo.

Huko juu, kama kilomita 500 hivi, njiwa hao hufuatana kama siafu kwenye njia inayopita karibu na ncha za Dunia. Dunia nayo inazunguka chini yao kuelekea mashariki, kwa hiyo kila anayefuata hukuta ukanda ulio magharibi kidogo ya ule aliopiga mwenzake. Kanda zikiunganishwa, karibu nchi kavu yote inapigwa picha kila siku. Wengi husifu ukali wa picha. Mimi naona uzito uko kwenye kule kurudi. Ukiweka picha ya jana kando ya ya leo, unaona msitu ulipofyekwa jambo likiwa bado bichi.

Setilaiti hizi hazidumu, hushuka na kuungua angani baada ya miaka michache, hivyo lazima nyingine zirushwe. Na kamera, hata zikiwa mia, hazipenyi wingu. Ndiyo maana yapo makundi ya rada, kama la ICEYE ya Finland, yanayoona maji usiku na chini ya mawingu. Kwa Rufiji ya masika, hayo ndiyo ningeyatafuta kwanza.