Utaratibu wa kikao haumbani mwanachama wa klabu ya kompyuta

Katika klabu nyingi za kompyuta za wanafunzi utasikia: "Sisi ni marafiki, taratibu za vikao tuwaachie wabunge." Inadhaniwa kikao huria ndicho cha haki. Wapi! Pasipo utaratibu, mwenye sauti kubwa ndiye anayeamua, na mara nyingi huyo ndiye gwiji wa kuandika programu. Aliyejiunga juzi hanyooshi hata mkono.

Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani, alichapisha kanuni zake za mikutano mwaka 1876, miaka kadhaa baada ya kukabidhiwa kuongoza kikao kikamshinda. Moja inatosha kuibadilisha klabu: ambaye hajaizungumzia hoja hupewa nafasi kabla ya aliyekwisha kuizungumzia. Tuseme hoja ni kuhamisha seva ya klabu. Mwenyekiti anaisoma, anauliza nani anaiunga mkono, kisha anawageukia kwanza walio kimya. Katibu anaandika uamuzi na jina la mtekelezaji. Porojo zisiingie kwenye kumbukumbu. Akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama wanaotakiwa kuwepo, isipotimia, jadilianeni mtakavyo, ila msipitishe kitu. Na jamani, ajenda itumwe mapema, isigawiwe mlangoni.