Kilimo Hai Si Kuacha Tu

Mkulima akiniambia ameanza kilimo hai, humuuliza swali moja: umeanza kufanya nini? Wengi hunijibu kwa kutaja walichoacha. Wameacha mbolea ya dukani, wameacha kupuliza dawa, basi. Shamba lililoachwa hivyo ni shamba lenye njaa, na mwenye nalo huikimbia njia hii baada ya msimu mmoja akidhani imemdanganya. Inaniuma, kwa sababu kilichomdanganya ni maneno ya watu juu ya kilimo hai.

Dhana iliyozaa nyingine zote ni hii: kulima kiasili ni kuiachia asili ifanye kazi yake. Mjapani Masanobu Fukuoka, ambaye wapenzi wa kilimo asilia humtaja sana, aliijaribu alipokuwa angali kijana. Aliacha kupogoa michenza ya baba yake. Matawi yakasongamana, wadudu wakaingia, miti ikakauka. Mti uliozoeshwa mkasi haujitegemei ghafla, na udongo uliozoea kulishwa kwa mfuko ni vivyo hivyo. Kanuni za Marekani hudai ipite miaka 3 tangu shamba lilipowekewa kitu kisichoruhusiwa kabla mazao yake hayajauzwa kama ya kilimo hai. Mkulima makini hautumii muda huo kungoja: hupanda mikunde, hutandaza majani, hulimbikiza mboji.

"Dawa ya asili haidhuru." Hii hunitia hofu kuliko zote, maana humfanya mtu apulize bila glavu wala barakoa, mtoto akiwa pembeni. Nikotini ya tumbaku ni ya asili, na ni sumu kali inayopenya ngozini. Wavunaji wanaoshika majani mabichi ya tumbaku yaliyolowa huugua kwa sababu hiyo. Pareto hutokana na maua, lakini huua nyuki na samaki kama inavyoua vidukari. Sifa yake njema ni kwamba jua huivunjavunja upesi, kwa hiyo huipuliza jioni, nyuki wakisharudi mzingani. Mrututu na chokaa, mchanganyiko uliotumika katika mizabibu ya Ufaransa tangu miaka ya 1880, unaruhusiwa hadi leo katika kilimo hai cha nchi nyingi. Ila mrututu una shaba, na shaba haiozi. Hurundikana udongoni mwaka hadi mwaka na kuwadhuru nyungunyungu, ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka kikomo: kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7. Kwa hiyo anayesema kilimo hai hakipulizi chochote amekosea, na anayepuliza akidhani anamwaga maji amekosea zaidi.

Upande wa samadi nina kovu langu mwenyewe. Msimu mmoja niliitoa bandani ikiwa bado mbichi, nikaiweka kwenye mashina ya miche. Siku ya tatu kingo za majani zilikuwa za kahawia, kama zimepitiwa na moto. Amonia na chumvi ndivyo vilivyoiunguza. Tena samadi mbichi hubeba vimelea vya magonjwa. Kanuni za Marekani hutaka ichanganywe na udongo angalau siku 120 kabla ya kuvuna, ikiwa sehemu inayoliwa hugusa udongo, na siku 90 ikiwa haigusi.

Mboji iliyoiva ni kitu kingine, na kuivisha ni kazi ya mikono na pua. Katikati ya lundo joto linapaswa kufika nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi, na lundo ligeuzwe ili kilichokuwa nje nacho kiingie ndani kiive. Nisipokuwa na kipimajoto huchomeka fito hadi katikati, naiacha kidogo, naichomoa na kuishika. Ikinishinda kushika, lundo linafanya kazi. Kisha nachukua konzi moja na kuiminya: itoke tone moja au mawili, isichuruzike. Likinuka amonia, samadi imezidi, naongeza majani makavu. Likinuka mayai viza limekosa hewa, naligeuza siku hiyohiyo.

Jambo jingine ambalo wachache hulisema: samadi huweza kubeba dawa ya magugu. Iko dawa iitwayo aminopiralidi, hupulizwa kwenye malisho, hupita tumboni mwa ng'ombe bila kuvunjika, na huja kuharibu nyanya na maharage. Samadi usiyojua ilikotoka, ichanganye na udongo kwenye kopo, panda maharage machache, uangalie majani. Yakijikunja na kusokotana, usiipeleke shambani.

Nayo "panda maharage, mahindi yatapata mbolea palepale" ina ukweli nusu. Maharage yakianza kutoa maua chimbua shina moja taratibu, osha mizizi, pasua kinundu kwa kucha. Ndani kikiwa chekundu kama nyama, bakteria wanakamata naitrojeni ya hewani. Kikiwa cheupe au kijani, hawafanyi kazi. Lakini naitrojeni hiyo hubaki zaidi ndani ya mharage wenyewe, na sehemu kubwa huishia kwenye punje. Ukivuna kwa kung'oa shina zima na kuondoka nalo, umeondoka nayo pia. Kata, acha mizizi, rudisha mabua, na zao linalofuata ndilo litakalofaidi.

Kuhusu mavuno, pande zote mbili hutia chumvi. Jaribio lililoanza Uswisi mwaka 1978 lilionyesha, baada ya miaka 21, kuwa kilimo hai kilivuna pungufu kwa asilimia 20 hivi, huku mbolea na nishati vikipungua kwa asilimia 34 hadi 53 na viuatilifu kwa asilimia 97. Kwa anayekopa ili anunue pembejeo, pungufu hiyo yaweza kumwachia faida au hasara. Ni lazima apige hesabu ya shamba lake mwenyewe. Kinachoua mavuno ni pupa. Aprili 2021 serikali ya Sri Lanka ilipiga marufuku uingizaji wa mbolea za viwandani na viuatilifu kwa mkupuo mmoja. Mboji haikutosha, wala muda haukuwepo. Mpunga na chai vikaporomoka, na Novemba mwaka huohuo marufuku ikaondolewa. Wengi husema tukio hilo lilithibitisha kuwa kilimo hai hakiwezekani. Mimi naona wakulima walioamriwa kuacha kabla hawajawezeshwa kuanza.

Nina neno pia kwa wenzangu tunaokipenda kilimo hiki. Tusiseme mbolea ya viwandani inaua udongo papo hapo. Huko Rothamsted, Uingereza, kuna shamba la ngano linalofanyiwa majaribio tangu 1843, na vipande vyake vinavyopewa mbolea ya viwandani bado vinavuna vizuri. Tofauti iko kwingine: kipande kinachopewa samadi kila mwaka kina mabaki ya viumbe yaliyooza udongoni zaidi ya mara mbili ya vile visivyopewa.

Tofauti kama hiyo unaweza kuitazama mwenyewe. Chukua bonge kavu la udongo shambani, na jingine pembeni, pale pasipolimwa. Yashushe taratibu, kila moja katika glasi yake ya maji safi, ukae. Bonge lililoshikwa na mizizi, ukungu na gundi za viumbe hai husimama, likitoa vipovu vidogo vya hewa. Lililokosa hivyo humeguka kwa dakika chache, maji yakawa tope.