Je, wajua kwa nini chenso (msumeno wa mnyororo) ya zamani hugoma kuwaka wakati tangi limejaa petroli?

Kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, huku Marangu, mgrevilea ukiangukia migomba, anayetafutwa ni mwenye chenso. Ya baba mdogo ni ya siku nyingi, na ilikuwa imelala stoo tangu masika. Siku ilipohitajika tulivuta kamba kwa zamu mpaka viganja vikachubuka. Nikafungua tangi, nikaona petroli imejaa, nikasema mafuta si tatizo, hii ni plagi. Nikashuka Moshi mjini kununua mpya. Haikuwaka. Nikanunua ya pili.

Kosa hilo nililitoa kwenye pikipiki, na wengi bado wanalo. Kwenye pikipiki ya kabureta, tangi liko juu na kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, iko chini yake. Petroli inateremka yenyewe mpaka kwenye kibakuli, humo kuna boya, kibakuli kikijaa boya linapanda na kufunga njia. Aliyezoea injini hiyo anaamini kwamba mafuta yakiwa tangini, basi yameshafika. Ndiyo maana chenso ikigoma, mtu hukimbilia plagi, kisha koili inayoipa plagi umeme, kisha anaambiwa injini imekufa anunue nyingine.

Lakini mkata miti hulaza chenso ubavu, huigeuza, hupanda nayo mtini. Boya linahitaji kukaa wima. Ukililaza, kibakuli ama kinafurika ama kinakauka. Chenso za zamani kabisa zilitumia boya, na baadhi yake ziliundwa ili upanga wenye mnyororo uweze kuzungushwa peke yake huku injini ikibaki wima! Za leo hazina boya wala hazitegemei mteremko. Petroli yake inavutwa, kwa hiyo tangi kujaa hakukuhakikishii kwamba hata tone moja limefika.

Inavutwa na pumzi ya injini yenyewe. Pistoni ikipanda, hewa iliyo chini yake kwenye kasha la krenki inanyonywa, ikishuka, inasukumwa. Tundu dogo linaifikisha pumzi hiyo kwenye kabureta, kwenye kipande cha mpira mwembamba kilichowambwa kama ngozi ya ngoma, na jina lake ni hilohilo: kiwambo. Kikinyonywa, petroli inapanda kutoka tangini. Kikisukumwa, petroli inasonga mbele, na ulimi mdogo uliokatwa kwenye mpira huohuo unaizuia isirudi. Injini ikizunguka mara 9,000 kwa dakika, ngozi hiyo inapigwa mara 150 kila sekunde.

Kiwambo cha pili ndicho mlinda mlango. Upande mmoja kina petroli, upande wa pili hewa ya nje. Mfikirie mtoto anayefyonza juisi ya pakiti kwa mrija: akivuta, kuta za pakiti zinabonyea ndani. Injini ikifyonza, kiwambo nacho kinabonyea, kinagusa mkono mdogo wa chuma, sindano inayoziba njia ya petroli inanyanyuka na petroli inaingia. Sasa mpe mtoto huyo mrija kwenye kopo la bati lililofungwa. Atafyonza, lakini bati halibonyei. Mpira uliozeeka unakuwa bati hilo. Na kwa kuwa pumzi ya kuvuta kamba ni dhaifu kuliko ya injini iliyokwisha kuwaka, ugumu huo huonekana kwanza wakati wa kuwasha.

Kupima si kazi kubwa. Vuta kamba mara kadhaa, fungua plagi. Ikiwa imelowa, petroli inafika, tafuta moto wa plagi au mafuta yaliyozidi. Ikiwa kavu, dondosha petroli kidogo sana kwenye tundu lake, futa iliyomwagika, rudisha plagi, funga breki ya mnyororo, vuta. Ikiwaka sekunde mbili ikazima, plagi haina kosa. Tatizo ni njia ya mafuta.

Hapo usikimbilie kabureta. Legeza kifuniko cha tangi kwanza, maana kipumulio kikiziba petroli haitoki. Kagua kichujio kilichomo tangini na mpira wa mafuta, hasa pale unapopenya ukuta wa tangi. Ukipasuka, kabureta inavuta hewa.

Ya baba mdogo ilipita yote hayo. Tulipofungua kabureta nikakikunja kiwambo karibu na sikio, kikalia kama jani kavu la mgomba. Kipya hukunjika kimya, laini kama ngozi ya sikio. Tuliweka seti mpya ya viwambo na gasketi, plagi tukairudisha ileile ya zamani, ikawaka.

Si kila chenso itapona hivyo. Ukiweka viwambo vipya na plagi bado ikatoka kavu, kagua sili za krenki, mipira inayozuia hewa isivuje kwenye kasha lake. Zikivuja, pumzi inapotea kabla haijaifikia kabureta.