Je, Wajua? Kwa Nini Daktari Huziba Jicho Zima la Mtoto na Kuacha Lile Bovu Wazi

Mtoto wa miaka minne akipanda matatu ya Umoja, jijini Nairobi, na kibandiko jichoni, abiria watamgeukia mamake: "Pole, ameumia?" Wengi hudhani chini ya kibandiko kuna kidonda. Kumbe jicho lililofunikwa ndilo zima, na lile lililoachwa wazi ndilo linalotibiwa.

Mzazi anayeambiwa hivyo na daktari kwa mara ya kwanza huona ni uonevu. Kwa nini umnyime mtoto jicho analoonea? Ni kwa sababu shida yenyewe imehama kutoka jichoni ikaingia kwenye ubongo.

Kazi ya jicho ni kupokea mwanga. Kuona hasa hufanywa na ubongo, na ubongo wa mtoto mchanga haujui kuona vizuri. Hujifunza katika miaka ya kwanza, ukiletewa picha safi kutoka macho yote mawili. Sasa jicho moja likiwa na makengeza, au likihitaji miwani yenye nguvu kuliko mwenzake, au likizibwa na mtoto wa jicho au kope iliyolegea, picha zake huja na ukungu au hazipatani na za jicho la pili. Ubongo hufanya kama mtu mwenye redio mbili, moja inasikika vizuri na nyingine inakoroma: huizima inayokoroma. Hata miwani ikivaliwa baadaye, jicho hilo linaweza kubaki likiona vibaya, kwa kuwa habari zake hazisikilizwi tena. Hali hii huitwa ambliopia, au jicho vivu, na hukadiriwa kuwapata watoto kati ya 1 na 5 katika kila 100.

Tiba hii ni ya zamani kuliko maelezo yake. Mwanasayansi Mfaransa Buffon aliandika kuhusu kufunika jicho lenye nguvu mwaka wa 1743. Kilichokuwa kikitendeka ndani ya kichwa kilianza kueleweka miaka ya 1960, wakati David Hubel na Torsten Wiesel, wakifanya kazi Marekani, waliposhona kope za jicho moja la paka wachanga. Walipolifungua baada ya wiki kadhaa, seli za ubongo zinazohusika na kuona zilikuwa karibu zote zinaitikia jicho lililoachwa wazi tu. Paka mkubwa alipofanyiwa vivyo hivyo, hakudhurika. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba kufunika macho yote mawili hakukuleta hasara kubwa kama ya kufunika moja. Maana yake macho hushindania nafasi ubongoni, na lenye nguvu humpokonya mwenzake. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1981, na ndiyo inayoeleza kibandiko: tunalizuia jicho lenye nguvu kwa muda ili ubongo ulazimike kulisikiliza lile dhaifu.

Shindano hilo lina msimu wake. Matokeo bora hupatikana kabla ya mtoto kutimiza miaka 7. Baada ya hapo bado wapo wanaofaidika, hata wengine waliobalehe, kwa hivyo aliyechelewa asikate tamaa. Lakini kila mwaka unaopita huifanya kazi kuwa ngumu zaidi.

Hapo ndipo upendo wetu unapotuponza. Akipenda chongo huita kengeza, walisema wahenga, na kengeza lenyewe nyumbani kwetu huitwa urembo, au huambiwa litajinyoosha mtoto akikua. Macho ya mtoto mchanga kuyumbayumba katika miezi michache ya kwanza ni kawaida. Yakiendelea kupinda baada ya miezi minne, mpeleke akapimwe. Na mtoto mwenye jicho vivu asiye na makengeza mara nyingi hana dalili ya nje. Hatalalamika, kwa kuwa hajawahi kuona kwa namna nyingine. Mfunike jicho moja kwa kiganja mkicheza, kisha la pili. Akitulia upande mmoja na kupiga kelele au kuusukuma mkono wako upande wa pili, usingoje. Na ukiona mng'ao mweupe kwenye mboni ya jicho, labda katika picha ya simu, nenda hospitali upesi iwezekanavyo. Huenda ikawa saratani ya jicho, na hiyo haina subira.

Kupimwa kwa haraka kwenye duka la miwani mjini hakutoshi kwa mtoto mdogo. Huhitaji matone ya kupanua mboni ndipo kipimo kiwe sahihi, na mtu aliyezoea macho ya watoto. Kwa wakazi wa Nairobi, kuna Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, hospitali ya macho ya Lions kule Loresho, na kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu, nje kidogo ya jiji.

Mara nyingi daktari huanza na miwani peke yake kwa wiki kadhaa, na baadhi ya watoto hupona kwa hiyo tu. Kibandiko hufuata. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2003 ulionyesha kwamba kwa ambliopia ya wastani, kuziba saa 2 kwa siku kulileta nafuu sawa na saa 6. Ile kali huanza na saa nyingi zaidi. Wapo pia wanaopewa matone ya atropini, yanayolitia jicho zima ukungu badala ya kulifunika. Usijiamulie saa mwenyewe: jicho zima likifunikwa kupita kiasi nalo linaweza kudhoofika, ndiyo maana kliniki hukuita tena na tena.

Saa 2 ni chache kwenye karatasi. Nyumbani, siku za kwanza ni vita. Mtoto hulia, hukwaruza kibandiko, hukataa kushuka kwenye kochi. Si utundu, ulimwengu wake umeingia ukungu ghafla. Mtazame akipewa sinia ya ndengu achambue mawe: ataisogeza hadi pua ikaribie kugusa, kichwa amekiinamisha upande, kidole kikipapasa punje moja moja. Hiyo ndiyo tiba inavyofanya kazi. Na kama ndengu zinamchosha, katuni zinafaa pia. Utafiti mwingine wa Marekani haukuona tofauti kati ya watoto waliofanya kazi za karibu na waliotazama vya mbali wakiwa wamezibwa. Muhimu ni kibandiko kibaki mahali pake.

Kibandike kwenye ngozi, kisha miwani juu yake. Ukikibandika kwenye kioo cha miwani, atachungulia pembeni, na jicho zima litaendelea kutawala. Ngozi ikiwa nyekundu, lainisha gundi kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kubandua. Kwa muda huo asiachwe peke yake kwenye ngazi za ploti wala karibu na barabara ya bodaboda, maana hapimi umbali vizuri.

Tatizo kubwa la jiji hili ni kwamba mzazi huondoka alfajiri na kurudi usiku akitoka kwenye foleni. Saa za kibandiko humwangukia dada wa nyumbani au shosho, na shosho akimwona mjukuu analia atakitoa kwa huruma. Naamini kumpeleka shosho au dada kliniki siku moja, asikie mwenyewe kwa daktari, kunafaa kuliko kumwachia maagizo kwenye simu. Mwalimu wa PP1, yaani wa chekechea, naye aambiwe. Watoto wenzake wakianza kumwita chongo, sentensi moja ya mwalimu inatosha: "Jicho hili limepumzishwa ili lile lijifunze." Watoto wa umri huo huridhika wakipewa sababu.

Kisha siku itafika mtoto asome herufi ndogo za ubao kwa jicho lililokuwa dhaifu, na kila mtu atataka kukitupa kibandiko. Karibu robo ya watoto waliotibiwa hurudi nyuma ndani ya mwaka mmoja baada ya kuacha. Katika utafiti mmoja, waliokuwa wakiziba saa 6 hadi 8 wakaacha ghafla, 42 katika kila 100 walirudi nyuma. Waliopunguziwa hadi saa 2 kwanza, 14 tu. Kwa hivyo daktari akikuambia uendelee na saa 2 ilhali mtoto anaona vizuri, endelea, na baada ya kuacha mrudishe apimwe kila tarehe atakayopangiwa.